Tupeane uzoefu: maumivu ya kifandugu, kile kifupa cha mwisho wa mgongo. Nani mwingine hawezi kukaa kitako?

Binti Mkomani
Asalam aleikum wanajamvi, na wengine wote hamjambo.

Juzi nilikuwa hitimani Langoni, hapa Lamu. Nyumba imejaa, mikeka imetandikwa mpaka dakani, nimebanwa baina ya watu wawili hata kunyoosha mguu siwezi. Juzuu yangu nikaifikisha nusu, herufi zikaanza kunichezea kwa maumivu. Nikaegemea paja la kushoto, nikahamia la kulia, nikapiga magoti kama ninayetaka kuinuka, nikarudi. Bibi mmoja kando yangu, wa miaka sabini na kitu, akaniinamia akaninong'oneza, "Na wewe pia?" Akafunua pindo la buibui, nikaona amekalia mto mdogo wa zambarau uliokatwa pembe kwa nyuma, kama papai lililomegwa. Nilicheka hitimani, Mungu anisamehe.

Mwaka wa pili huu. Sikuanguka, sikuzaa, sikupigwa. Kazi yangu kushona kofia za vito, nakaa kwenye baraza la mawe tangu asubuhi mpaka laasiri. Nikikaa kidogo si neno. Nikikaa sana, ile kuinuka ndiyo kufa: kama msumari umeachwa pale chini kabisa ya mgongo, kwenye ncha, unachomoka nami nikisimama.

Nataka kujua kwa wenzangu: kilikupata nini, kimekusaidia nini, na ni nani aliyekudanganya.

Fundi Nazi
Mbuzi ya nazi. Nimemaliza.

Umm Siti
@Fundi Nazi hahaha, umesema kweli. Kile kibao kimenikalisha miaka ishirini. Siku hizi nazi nasaga kwa mashine, na mama mkwe anasema tui langu halina ladha. Na akae yeye.

Mzee wa Punda
Mimi nalianguka yuu ya punda. Si mbioni, ningalikuwa na la kujisifu. Punda amesimama, amebeba mawe, mimi nimekaa nyuma ya sogi naongea na mtu. Akatikisa sikio tu. Nikafika tini kwa hicho hicho kifupa. Mwezi mzima nikala nimesimama.

Mwalimu wa Lugha
Kwa ufasaha tu: mfupa huo ni *kitokono*.

Binti Mkomani
Mwalimu, huku kwetu nimesikia kifandugu tangu utotoni.

Mwalimu wa Lugha
Na mimi nimesoma kitokono tangu shuleni.

Mzee wa Punda
Wakati wangu nilipoangukia, sikumuuliza jina.

Mama Kilo Nne
Binti Mkomani, umenitonesha. Mimi ni uzazi. Mtoto wangu wa pili alizaliwa na kilo nne na gramu mia tatu, na alichukua usiku kucha kushuka. Kichwa kilipokuwa kinapita nilisikia kitu kinalia *kwa!* nyuma huko, sauti kabisa, si maumivu ya uchungu. Nikamwambia aliyekuwa akinizalisha, akanijibu, "Kina mama wa siku hizi wepesi." Nikanyamaza.

Arobaini nzima watu wanakuja kuniona, nami nakaa kitandani kama jogoo kwenye kigingi, upande mmoja. Kila mtu ana lake. Shangazi: mji wa mimba haujarudi. Jirani: umeingiwa na baridi. Mama mkwe: hujafungwa mkanda vizuri. Nikakandwa maji moto asubuhi na jioni, na hapo nisiseme uongo, kukandwa kuliniburudisha kweli. Lakini raha ilikuwa ya saa moja. Kilichoniua hasa ni mambo mawili. La kwanza kunyonyesha, maana mtoto ananyonya nusu saa nawe umekaa pale pale. La pili, mnisamehe, choo. Nilikuwa naogopa kwenda mpaka nikawa sendi, na nikienda baada ya siku nne nalia machozi ya kweli. Ukizuia, choo kinakuwa kigumu, kikiwa kigumu kinasukuma ule mfupa kwa ndani, ukisukumwa unazidi kuogopa. Mduara huo nilizunguka miezi mitatu.

Aliyenitoa ni muuguzi mmoja kijana, mtoto wa watu, aliyeniuliza maswali mawili tu: unanyonyesha vipi, na unakunywa maji mangapi. Akanifundisha kunyonyesha nimelala ubavu. Akanambia papai asubuhi, maji, mboga, nisikae chooni kwa kujikamua. Ndiyo dawa yote hiyo. Mpaka mtoto anatambaa, mimi nakaa.

Umm Siti
Kunyonyesha kwa ubavu, sadakta.

Kijana wa Shela
Mambo ya wazee na wazazi haya, na sofa na simu. Zamani watu walikaa mkekani na hawakuwa na ugonjwa huu.

Si Daktari
Mimi ni afisa wa kliniki, jina nimelichagua ili msinitumie picha za sehemu zenu usiku.

Kijana wa Shela, si ugonjwa wa simu. James Young Simpson, profesa wa ukunga huko Edinburgh, yule aliyeanza kuwapa wazazi klorofomu, dawa ya usingizi, mwaka 1847, ndiye aliyeyapa maumivu haya jina la kitabibu mwaka 1859. Simu hazikuwapo.

Mfupa wenyewe ni pingili tatu mpaka tano zilizoshikana, mwisho kabisa wa uti wa mgongo. Mwalimu wa Lugha na Binti Mkomani msigombane, Wagiriki waliuita kwa jina la ndege wa ukoo wa dudumizi kwa sababu umepinda kama mdomo wake. Ukikaa wima, uzito unabebwa na mifupa miwili ya makalio. Ukijiegemeza nyuma, huo wa tatu nao unaingia kazini. Ndiyo maana wenye maumivu haya wote huinama mbele kama wanaosikiliza siri.

Sababu: kuanguka kitako ndiyo ya kwanza. Kuzaa, hasa kwa tabu au kwa koleo. Kukaa sana mahali pagumu bila kuanguka, kama Binti Mkomani. Unene uliozidi, kwa sababu mtu mnene nyonga yake haizunguki vizuri anapokaa, na mfupa unapokea kishindo. Lakini na kukonda ghafla pia, maana mto wa asili umeondoka. Wengine hatupati sababu kabisa. Na wanawake hupatwa takriban mara tano zaidi ya wanaume.

Mzee wa Punda
Mara tano? Basi mimi nimewafuata nini.

Nahodha wa Mkanda
Daktari amesahau boti. Miaka kumi na minane napeleka watu Pate, Siyu, Faza, Kizingitini. Ndani ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji ni kama sahani. Ukitoka tu nje upande wa Manda Toto, kusi la Juni na Julai limeamka, boti inapanda wimbi na kulipiga chini *pa!* kama kofi. Aliyekaa mbele ndiye anayelipokea kofi hilo kwa makalio. Na watu wanapenda mbele! Wanapigwa na upepo, wanapiga picha. Kaeni nyuma karibu na mashine. Wimbi likija, jiinueni kidogo kwa mapaja, magoti yakunjike, muwe kama mnaopanda farasi. Mimi mwenyewe naendesha nimesimama, mnadhani ni mbwembwe.

Kijana wa Shela
Nyuma kuna moshi.

Nahodha wa Mkanda
Chagua basi, mapafu au matako.

Malindi Moto
Nawasalimu kutoka Malindi. Nyinyi mna punda na boti, sisi tuna tuktuk na matuta, lakini mimi hata hivyo niliumizwa nikija kwenu. Enzi zile barabara ya Garsen na Witu haijatiwa lami. Nilipata kiti cha nyuma kabisa, kile cha watano. Basi likaingia shimo, tukaruka wote mpaka darini, wenzangu wakashukia sponji, mimi nikashukia pale sponji ilipoliwa na panya, chuma kitupu. Nikakaa Lamu siku tatu sikuona ngome wala makumbusho, niliona dari ya gesti.

Nikajitibu kwa diklofenaki ya dukani. Miezi mitano. Maumivu yalitulia kila nilipomeza, basi nikameza. Mwisho nikawa na vidonda vya tumbo na kifandugu kinauma vile vile, nikawa na magonjwa mawili kwa bei ya moja. Msinifuate.

Si Daktari
Asante kwa kusema. Dawa za aina hiyo na ibuprofeni ni za siku chache, ukiwa umekula, na si za mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa figo, wala mwenye presha asiyemwona daktari.

Dawa Asili Original
MAFUTA YA SIMBA yanaondoa maumivu ya mgongo kiuno na kifandugu ndani ya siku 3 nitumie ujumbe wa faragha

Umm Siti
Simba gani, wewe. Nenda ukamkamue kwanza utuletee picha.

Fundi Nazi
Ananuka Vaseline mpaka huku.

Bwana Nimekubali
Nimesoma yote nikasema nisiandike. Lakini huyo bibi wa hitimani amenimaliza. Basi sikilizeni, na mnaonijua nyamazeni.

Wiki mbili kabla ya nikaha yangu, mwaka 2016, nalikwenda Mokowe kupokea kitanda na godoro lake kutoka Mombasa. Maji yametoka, ngazi za gati zote ziko wazi, zina ule ukoga wa kijani. Nimevaa ndara mpya. Nikateleza ngazi ya juu, nikakalia ukingo wa ya tatu. Nikasikia *ngrrk*, kama unavunja miwa. Wapagazi wakacheka mpaka wakaweka mizigo chini. Nami nikacheka, kwani ungefanya nini? Nikainuka, nikahesabu vipande vya kitanda, nikarudi Amu (Lamu) nimesimama kwenye boti.

Siku ya tatu nikawa siwezi kukaa. Na huwezi kusema! Mtu akivunjika mkono anafungwa, watu wanampa pole. Mimi nimwendee nani, mama mkwe, nimwambie matako yananiuma na harusi iko mlangoni? Mji wenyewe huu, neno ukilisema Mkomani unalikuta limekutangulia Wiyoni. Nikaenda kwa mzee mmoja mchuaji, nikamwambia kiuno. Akatia mafuta ya uto, akapapasa, akaupata, na akaukandamiza kwa gumba "kuurudisha". Nilipiga ukelele mbuzi wakakimbia. Tangu siku hiyo yakazidi.

Ikafika siku yenyewe, baada ya isha. Msikiti umejaa mpaka ngazini. Nimevaa kanzu, joho, kilemba, jambia, na jambia lenyewe linanivuta mbele, nikashukuru. Nikakalishwa mkekani kukunja miguu, uso kwa uso na baba wa mke, mikono imeshikana. Khutba ikaanza. Ile khutba, wallahi, ni fupi, nimeisikia mara mia. Usiku huo ilikuwa ndefu kama safari ya Maskati. Jasho linashuka mpaka puani. Nikaegemea paja moja, nikahamia jingine. Nasikia watu nyuma wananong'ona, "Bwana harusi anaogopa." Mjomba wangu kando yangu akaona ninavyotapatapa, akaona aibu ya ukoo, akaniwekea mkono begani na kunisukuma chini. "Kaa vyema, baba."

Na hapo hapo ndipo baba wa mke anasema nimekuoza fulani binti fulani.

"NIMEKUBALIII!"

Msikiti mzima. Walionisikia nje walidhani nimepigwa. Halafu kicheko, mpaka sheikh aliyekuwa akiozesha akaziba mdomo kwa ncha ya kilemba. Na mimi nimeshasimama, maana niliinuka na lile neno. Tangu siku hiyo jina langu mjini ni Nimekubali. Watoto wa shule wananiamkia hivyo.

Kijana wa Shela
NIMEKUFA

Umm Siti
Nilikuwa upande wa wanawake harusi hiyo!! Kumbe!! Sisi tulisema mapenzi!

Malindi Moto
Ehee. Na fungate?

Fundi Nazi
Fungate, fungate.

Mzee wa Punda
Ndoo umalize, usituache njiani kama punda mkaidi.

Mwalimu wa Lugha
Tuheshimiane, kuna watoto humu. (Lakini amalize.)

Bwana Nimekubali
Siku mbili za kwanza chakula kinaletwa, sinia la biriani, na mimi nakula nimesimama dirishani, nasema natazama mashua. Siku ya tatu mke wangu akanambia, "Mashua gani? Dirisha hili linatazama ukuta." Nikamwambia kweli. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu alipoona nalia akanyamaza. Akafungua ubavu wa lile godoro jipya kwa kisu cha mkate, ndiyo, lile lile lililotoka Mombasa, akakata kipande cha mraba, nchi nne unene. Akapima kwa shibiri zake na kukata upande wa nyuma pembe, nafasi ya ngumi moja, ili ule mfupa uning'inie hewani usiguse kitu. Akakivika kanga. Kanga yenyewe imeandikwa *Subira ufunguo wa faraja*. Nimeikalia subira mwaka mzima, na kwenye godoro letu mpaka leo kuna shimo.

Yaliyobaki ni yangu na yeye.

Umm Siti
Huyo ni mke.

Si Daktari
Naomba muelewe alichofanya huyo mke, kwa sababu kuna mito miwili na watu hununua usio wao. Kuna ule wa duara wenye tundu katikati kama mandazi ya Wazungu, na huu uliokatwa nyuma. Wa duara unawafaa zaidi wenye bawasiri. Kwa kifandugu, ukingo wake wa nyuma mara nyingi unagusa pale pale panapouma. Uliokatwa nyuma ndio wenyewe.

Mama Kilo Nne
Sikubaliani. Mimi nilikalia boya la mtoto la kuogelea, lile lenye picha za samaki, na ndilo lililonivusha. Usiniambie halifai.

Si Daktari
Likikufaa ni lako, dada. Nimesema mara nyingi, sikusema siku zote.

Mama Kilo Nne
Umesema ni la bawasiri. Sina bawasiri.

Malindi Moto
Jamani, boya liacheni. Nimekubali, ulipona vipi? Au bado?

Bwana Nimekubali
Mwezi wa nne tangu nianguke nikapigwa picha, nimelala ubavu. Nikaambiwa mfupa mzima, nenda nyumbani. Ndugu zangu, hilo liliniuma kuliko ngazi. Kwa hiyo naigiza? Mpaka mke alinitazama kidogo hivi. Mwezi wa saba nikaenda kwa mtaalamu wa mifupa Mombasa, akapiga picha mbili: moja nimesimama, ya pili nimekaa kwenye kibao nimejiegemeza mpaka panauma. Akaziweka pamoja kwenye taa. Nikisimama mfupa uko mahali pake. Nikikaa unateleza nyuma. Picha ya kulala ingeonaje? Nilitamani niibebe nipite nayo barabara kuu, nimwoneshe kila mtu.

Nikachomwa sindano ya steroidi yenye ganzi, pale pale, mara mbili kwa kupishana wiki kadhaa. Na mtaalamu wa viungo akanifundisha kulegeza misuli ya sakafu ya nyonga, ile ya kuzuia mkojo na choo, maana kwa kujikaza miezi saba ilikuwa imekakamaa kama kamba ya tanga. Unavuta pumzi tumboni unaachia, si kubana. Mimi miezi yote nilikuwa nabana, nikidhani naimarisha. Mwezi wa kumi nilikaa barazani na wenzangu tangu magharibi mpaka isha. Boti bado nasimama.

Binti Mkomani
Subhanallah. Mimi pia nimepigwa ya kulala, "hakuna kitu". Asante.

Malindi Moto
Kuna jamaa yangu daktari aliuingiza kidole, mnajua wapi, akaurudisha mfupa kwa ndani. Akapona.

Fundi Nazi
Toka.

Kijana wa Shela
Nimefunga simu.

Si Daktari
Ni kweli na ni tiba inayojulikana, fungueni simu zenu. Mfupa unashikwa kati ya kidole cha ndani na gumba la nje, unanyooshwa taratibu, na misuli inayozunguka inalegezwa. Huwasaidia baadhi, hasa waliowahi mapema. Lakini ni kazi ya mtu aliyesomea. Si mjomba.

Mzee wa Punda
Mjomba amefanya ya kutosha kwenye hadithi hii.

Umm Siti
Mimi nimepigwa chuku ya kunyonya damu mara tatu, damu ikatoka, nikapata nafuu. Daktari atasema nini?

Si Daktari
Nitasema alhamdulillahi, na wembe uwe mpya.

Mkaa Kimya
Huwa nasoma tu. Leo naandika.

Baba yangu alisema panamuuma pale pale mnapopasema. Hakuanguka. Tukamkanda, tukamchua, tukamletea mto. Miezi minane. Yeye hata akilala panauma, usiku ndio zaidi, na alikonda kanzu zikawa za mtu mwingine. Tukasema uzee. Alipoanza kushindwa kuzuia mkojo ndipo tulipompeleka, na ilikuwa uvimbe uliokua kwenye mfupa wenyewe. Hatukuwahi. Nyinyi mnacheka na nimecheka nanyi, lakini yule ambaye hata akisimama na akilala hapati nafuu, msimchue.

Mzee wa Punda
Na punda wangu naye ana kilema cha mkia

Mzee wa Punda
Nisamehe, Mkaa Kimya. Nilikuwa naandika kabla sijasoma lako. Mungu amrehemu mzee.

Mama Kilo Nne
Amin. Pole sana.

Si Daktari
Pole, ndugu yangu. Uvimbe wa aina hiyo ni nadra, lakini dalili alizozitaja ndizo. Maumivu yasiyojali umekaa au umelala, kukonda, homa, ganzi mahali pa kukalia tandiko la punda, kushindwa kuzuia mkojo au choo. Mwenye moja katika hizo aende hospitali leo, asingoje Jumatatu. Na kama kuna tundu dogo au uvimbe juu kidogo kwenye mfereji wa makalio, unatoa usaha, hilo ni jipu la nywele zilizozama ndani, hupasuliwa. Halikandwi wala halichuliwi.

Umm Siti
Mwanangu alikuwa nalo hilo la nywele! Dereva, kutwa amekaa. Tulidhani chunusi.

Mwalimu wa Lugha
Niulize la ibada. Mimi, naam, pia ninalo, sikusema. Attahiyatu ndiyo inayonitesa. Nikaletewa kiti msikitini, kiti cha plastiki, na ni kibaya zaidi.

Fundi Nazi
Mwalimu! Una maumivu ya kitokono au ya kifandugu?

Mwalimu wa Lugha
Yote mawili.

Bwana Nimekubali
Mwalimu, mimi nikikalia mguu wa kushoto, ule mkao wa attahiyatu ya kwanza, hapana neno, kisigino kinanibeba kama mto. Ya mwisho, ukishusha makalio sakafuni, ndiyo yenyewe. Nilimuuliza imamu wetu, akanambia kaa unavyoweza.

Kijana wa Shela
Si bora mukate mfupa wote tu? Kazi yake nini?

Si Daktari
Una kazi. Misuli na kano za sakafu ya nyonga zimejishikiza hapo. Upasuaji wa kuuondoa upo, lakini ni wa mwisho kabisa, kwa waliojaribu yote na picha ikaonesha kasoro. Kidonda kiko karibu na njia ya haja, kinaambukizwa kwa urahisi, na kupona huchukua miezi, wengine mwaka. Wagonjwa wengi sana, kama tisa katika kumi, wanatulia bila kisu. Aliyeanguka juzi mara nyingi anapona ndani ya wiki chache. Yakipita miezi mitatu ndiyo tunayaita sugu, na hapo mtu asimeze dawa peke yake nyumbani.

Binti Mkomani, kwako wewe: baraza la mawe. Inuka kila nusu saa, tembea mpaka mwisho wa kichochoro urudi. Shona nyingine umesimama, kofia uiweke juu ya kasha. Na ujue unakaa umeinama nyuma ukiutegemea ukuta.

Binti Mkomani
Umejuaje ninautegemea ukuta?

Si Daktari
Barazani nani hautegemei?

Binti Mkomani
Nimerudi. Nimekwenda kwa yule bibi wa hitimani, nimemkuta nyumbani kwake. Anasema mto alishonewa na marehemu dada yake aliyekuwa na haya haya, hawakuambiana mpaka wamezeeka, kila mmoja anajificha kwa mwenzake. Amenipa niupime. Nafasi ya ngumi moja, Nimekubali, sawasawa na mkeo. Nimenunua kipande cha sponji kwa fundi wa magodoro, kinatosha mitatu. Cha kwanza nimeshakikalia naandika hapa, dakika arobaini. Kinasaidia, si uwongo, japo kuinuka bado.

Ijumaa kuna hitima nyingine, nitakaa karibu na mlango wa daka. Mito miwili iliyobaki nitakuja nayo. Anayeijua hali yake ajisogeze tu, hana haja ya kusema.

Mama Kilo Nne
Nakuja. Na boya langu.

Nahodha wa Mkanda
Wa Pate na Faza, kesho maji ya Mkanda yanatosha saa nne asubuhi. Nje kusi lina nguvu. Mbele nimeweka magunia ya unga, msiyaondoe mkakaa nyinyi.